Pampu ya Maji ya Ziwa Inavuja: Soma Kitundu cha Chini Kabla ya Kushika Spana

Mialo ya Uganda imejaa injini za nje za petroli, na mafundi wake ni wengi. Maelezo haya ni ya boti zenye dizeli ya ndani: za mizigo, za abiria, za doria, zile ambazo fundi hulazimika kupiga magoti kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, na tochi mdomoni ili aone kinachovuja.

Injini hizi hupozwa kwa maji ya aina mbili. Ndani huzunguka maji safi yaliyochanganywa na kulanti, yaani dawa ya kupozea. Maji hayo nayo hupozwa na maji ya ziwa, ambayo pampu ndogo ya shaba huyavuta kupitia koki iliyo chini ya boti, huyapitisha kwenye chujio, kisha kwenye kipozeo, yaani ile silinda yenye mirija mingi ndani, na mwisho huyatupa nje pamoja na moshi wa ekzosti. Vitabu vya injini huiita pampu ya maji ya bahari kwa sababu watengenezaji wengi wanaifikiria bahari. Kwetu inavuta maji ya Victoria, Albert au Kyoga, lakini pampu ni ileile na huvuja kwa njia zilezile.

Kuielewa si kazi. Ndani kuna impela ya mpira yenye mapanga. Upande mmoja wa nyumba ya pampu kuna kipande cha shaba kilichotuna, nacho huyakunja mapanga yanapopita. Panga likikunjika hubana maji na kuyasukuma nje. Likinyooka hufungua nafasi na kuvuta mengine. Impela imekaa kwenye shafti. Shafti hutoka kwenye chumba cha maji kwa kupita kwenye sili ya maji, yaani pete inayoibana shafti ili maji yasipite, ikaingia kwenye nafasi tupu, ikapita sili ya oili, ndipo ikafika kwenye beringi na gia ya injini. Kwenye pampu za mkanda, mahali pa gia pana puli, na beringi huwa na grisi yake.

Ile nafasi tupu katikati ya sili mbili imewekwa kwa makusudi. Chini yake pametobolewa kitundu kidogo kinachotazama sakafu. Sili ya maji ikichoka, maji hutokea hapo. Sili ya oili ikichoka, oili hutokea hapo. Mtengenezaji amekuwekea shahidi, na kazi yako ya kwanza ni kumsikiliza. Katika pampu zinazoendeshwa na gia, sili ya maji ikishashindwa, kitundu hicho ndicho kinachoyapa maji ya ziwa njia ya kutoka nje yasiingie kwenye oili ya injini.

Naandika kwa mkazo kwa sababu nimeona kinachotokea kikizibwa. Nahodha mmoja alileta boti ya mizigo kutoka visiwa vya Ssese akiwa na malalamiko yasiyo ya kawaida.

"Fundi, sijaongeza oili, lakini kila nikipima naikuta imepanda."

"Ssebo, pampu hii iliwahi kuvuja?"

"Ilivuja kidogo. Vijana wakaiziba, ikaacha."

Nilipitisha kidole chini ya shingo ya pampu nikakuta uvimbe mgumu wa silikoni ya kijivu. Katikati yake kulikuwa na njiti ya kiberiti iliyopigwa ndani hadi ikavunjikia humo. Nilipoivuta kwa koleo, uzi wa ute wa kahawia ulishuka taratibu bila kukatika. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ilipotoka ilikuwa kama imechovywa kwenye chai ya maziwa. Sili ya maji iliyokufa ilikuwa imebadilishwa kuwa injini inayokufa, na tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ndiyo mwenye boti aliyoilipa.

Kwa hiyo usikizibe kitundu hicho, hata kwa safari moja. Ukikuta kimezibwa na kutu, grisi ngumu au rangi, kisafishe kwa waya kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Pampu inayodondosha maji kupitia kitundu kilicho wazi inaweza kukufikisha mwaloni. Tone moja kwa kila sekunde ni karibu lita nne kwa siku, kiasi ambacho pampu ya ngama inakimudu bila shida.

Yanatoka wapi hasa?

Mahali palipolowa si lazima pawe ndipo panapovuja. Puli inayozunguka hurusha maji kila upande, na tone likianzia juu ya mpira hutembea chini ya klempu, likapita ubavuni mwa pampu na kudondokea mahali tofauti kabisa. Wengi hubadilisha sili kumbe klempu ilikuwa imelegea.

Kausha pampu yote kwa kitambaa, pamoja na mipira inayoingia na kutoka. Kisha ipake poda ya mtoto au unga mkavu. Mstari wa kwanza wa unyevu utajionyesha wenyewe juu ya unga. Anza kwa kuangalia injini ikiwa imezimwa na koki ya chini ikiwa wazi, usubiri kama robo saa. Halafu washa, iache ingurume taratibu bila mzigo. Mwisho ongeza mizunguko. Mikono na nguo zikae mbali na mkanda; tumia tochi, na kipande cha karatasi laini kwenye ncha ya kijiti kirefu ili kugusia mahali unapopashuku.

Ikivuja injini ikiwa imezimwa, maana yake pampu iko chini ya usawa wa maji ya ziwa na ziwa lenyewe ndilo linalosukuma. Hapo tazama kifuniko, mipira na sili, na usiache boti usiku kucha koki ikiwa wazi.

Ikivuja inapozunguka tu, chunguza mpira wa upande wa kutolea, ambako ndiko kuna shinikizo, kisha shafti inayoyumba.

Iko hali ya tatu inayowapotosha watu: upande wa kuvutia una nafasi, lakini haudondoshi kitu injini ikiwaka, kwa sababu pampu inavuta hewa kupitia hapo badala ya kutoa maji. Utaona maji ya ekzosti yakitoka kwa kukatakata, na kama chujio lina kifuniko cha kuonea, mapovu yanapita ndani yake. Ukizima injini, ndipo palepale panaanza kulowa. Hewa hiyo ni hatari kuliko tone, maana impela hupozwa na kulainishwa na maji inayoyasukuma. Dakika moja au mbili ikizunguka kavu zinatosha kuunguza mapanga.

Kifuniko na mipira

Haya ni mepesi. Kifuniko cha mbele kikivuja, sababu huwa ni gasketi iliyoshikamana na kupasuka, pete ya mpira iliyobanwa vibaya, au bamba lenyewe kuchimbwa na impela. Fungua, kwangua mabaki ya gasketi bila kuchubua shaba, kisha lipitishe ukucha bamba upande wa ndani. Kama michirizi ni midogo, weka msasa wa maji wa namba 400 juu ya kioo, mwagia maji, ulisugue bamba kwa kuzungusha hadi lilingane. Baadhi ya vifuniko vinaweza kugeuzwa, upande wa nje ukawa ndani, ikiwa matundu ya skrubu yanaruhusu.

Unene wa gasketi una maana kubwa. Gasketi za pampu nyingi ndogo ni karatasi nyembamba sana, karibu robo milimita. Ukikata yako kutoka kwenye boksi la sabuni, impela inapata nafasi pembeni, maji yanazunguka humo humo badala ya kusonga, na pampu inashindwa kuvuta kutoka chini. Uvujaji unaisha, joto linaanza. Silikoni nene nayo ina ubaya wake: kamba yake hukatika ndani na kwenda kukaa kwenye mirija ya kipozeo.

Mipira ya maji ikague kwa kuikunja. Ikionyesha nyufa karibu na klempu, kata ncha kama urefu unatosha, au badilisha. Upande wa kuvutia unahitaji mpira wenye waya ndani, la sivyo hujibana wenyewe injini ikipandishwa mizunguko. Chini ya usawa wa maji weka klempu mbili za stenlesi kila ncha. Tone la sili halizamishi boti, lakini mpira uliochomoka unaweza kuizamisha, kwa hiyo hapa usibane matumizi.

Kitundu kinatoa maji

Huu ndio ugonjwa wenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Sili ya maji imeshindwa. Ila sili ni kitu cha bei ndogo, na mara nyingi haikufa peke yake. Kabla ya kununua nyingine, tafuta kilichoiua, maana ukiweka mpya juu ya sababu ileile utarudi kupiga magoti kwenye ngama baada ya muda mfupi.

Anza na beringi. Koki ikiwa imefungwa na mkanda umetolewa, shika puli kwa vidole viwili, juu na chini, uitikise. Kwenye pampu ya gia, toa kifuniko na impela, ushike ncha ya shafti. Beringi nzima haikupi mchezo wowote unaousikia mkononi, nayo huzunguka kimya. Ukisikia kugonga, au ukizungusha ukasikia kama kuna mchanga ndani, beringi imekwisha. Shafti inayoyumba huipanua midomo ya sili kila mzunguko. Kwenye pampu za mkanda sababu ya kawaida ni mkanda uliokazwa kupita kiasi: mtu aliona unateleza akaukaza kwa nguvu zote. Kwa mkanda wa kawaida wa pampu, bonyeza katikati kwa dole gumba. Ukizama kama milimita 10, inatosha. Unaoteleza kwa huo ukazo umechakaa, au umelowa oili.

Kisha shafti. Ikishatolewa ifute, uipitishe ukucha pale sili ilipokuwa ikikaa. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Mdomo wa sili mpya utakaa ndani ya mfereji huo na maji yatapita chini yake. Mchanga ndio mchimbaji. Boti inayorudi nyuma kwenye maji ya magoti, propela ikitimua tope na pampu ikiyanywa yote, hukata shafti upesi kuliko inayofanya kazi kwenye kina. Wanaotia nanga kwenye fukwe za mchanga wanalijua hili. Ikiwezekana, sukumeni boti kwa upondo hadi kina kifike ndipo injini iwashwe.

Mfereji mdogo una dawa. Kama chumba cha sili kina nafasi, sili inaweza kupigwa ndani au kuachwa nje milimita moja au mbili, ili mdomo wake ukae mahali pazima pa shafti. Hakikisha tu kwamba haizibi kitundu cha chini. Ziko pia bomba nyembamba za stenlesi zinazovishwa juu ya shafti iliyochimbika. Mfereji mkubwa unataka shafti mpya. Kama haipatikani, mafundi wa kukereza wa Katwe, Kampala, wanaweza kuitengeneza ukiwapelekea ya zamani iwe mfano, lakini usiondoke bila kupima kwa kalipa, na uende na sumaku. Stenlesi inayofaa kwa kazi hii, ile inayouzwa kwa namba 316, haishikwi na sumaku, au inashikwa kwa udhaifu sana. Chuma cha kawaida kilichopigwa nikeli kinang'aa vilevile dukani, lakini mng'ao ukishakatwa na sili, kutu inaanza.

Baadhi ya pampu kubwa hazina sili ya mdomo upande wa maji. Zina sili ya nyuso mbili, moja ya kauri na nyingine ya kaboni, zinazosuguana zikisukumwa na springi. Hizo hubadilishwa kwa pamoja, kamwe usichanganye uso wa zamani na mpya, na zile nyuso usiziguse kwa vidole vyenye grisi. Zisafishe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kitundu kinatoa oili

Sili ya oili imechoka, au injini inasukuma kuliko kawaida. Kagua kwanza kipumulio cha injini. Kikiziba, hewa ya ndani hukosa njia na kuanza kusukuma oili kupitia sili zote, hata zilizo nzima, na utabadilisha sili ya pampu leo na ya kranki kesho. Kama kipumulio kiko wazi, basi ni sili. Angalia pia usichanganye na oili inayotoka pale pampu inapokutana na mwili wa injini. Hiyo ni gasketi au pete ya mpira ya pale, na pampu haina haja ya kufunguliwa moyo.

Oili imepauka

Usikimbilie pampu peke yake. Ute mdogo chini ya kifuniko cha kujazia oili, huku dipstiki ikiwa safi, mara nyingi ni unyevu tu wa injini inayowashwa safari fupi fupi bila kupata joto. Dipstiki nzima ikiwa imepauka na kiwango kimepanda, kuna maji ya kweli.

Tazama tangi la maji safi ya injini. Kama yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi au kipozeo cha oili. Kama hayapungui, yanayoingia ni ya ziwa, na milango yake mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni pampu ya gia iliyozibwa kitundu. Pampu ya mkanda iliyosimama peke yake na beringi zake haina njia ya kuingiza maji kwenye oili, kwa hiyo kama yako ni ya mkanda, iache. Mlango wa pili ni ekzosti. Injini ikikataa kuwaka na wewe ukaendelea kupiga staata, pampu inaendelea kuleta maji lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa kwenye mafla, yanarudi nyuma, yanaingia kwenye silinda. Injini ikikataa mara ya pili au ya tatu, funga koki ya chini, na uifungue mara tu itakapowaka.

Oili iliyoingia maji isilale kwenye injini. Rekebisha chanzo, mwaga, badilisha filta, weka oili mpya ya bei nafuu yenye uzito unaofaa, iache injini ingurume hadi ipate joto, mwaga tena. Rudia hadi itoke safi. Beringi za kranki huanza kuota kutu haraka, kwa hiyo kusubiri spea wiki nzima huku maji yakiwa ndani ni kuichagulia injini kifo.

Haivuji, lakini inachemka

Pampu inaweza kuwa kavu kabisa nje na imekufa ndani. Maji ya ekzosti yakipungua na mvuke ukionekana, zima injini, funga koki, ufungue chujio kwanza. Gugumaji liko Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na upepo ukilisukuma kwenye ghuba kama ya Murchison, kati ya Port Bell na Ggaba, mizizi yake huingia kila mahali. Nywele za mizizi hupita kwenye matundu ya koki na kujisokota kabla hata ya kufika kwenye chujio. Ukikuta chujio safi lakini maji hayaji, chomoa mpira kwenye koki na uifungue kidogo kwa uangalifu: maji yakikosa kuruka kwa nguvu, kizuizi kiko kwenye koki yenyewe au nje.

Kama maji yanafika kwenye pampu, fungua kifuniko uhesabu mapanga ya impela. Likikosekana moja, kazi yako haijaisha hadi ulipate. Liko mbele, kwenye kona ya mpira au mdomoni mwa mirija ya kipozeo, na litaendelea kuzuia maji hata ukiweka impela mpya kabisa. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini joto limebaki palepale. Mapanga yaliyobaki yakunje kwa kidole: yenye nyufa kwenye shina au yaliyobaki yamejikunja bila kurudi hayafai.

Jambo moja la kwetu: Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini hujikinga kwa kifuniko cha tangi kinachoshikilia shinikizo. Mpira wa kifuniko hicho ukichoka, maji ya ndani huchemka mapema kuliko kitabu kilivyosema, na pampu husingiziwa.

Kuifungua na kuifunga

Funga koki. Piga picha za kila upande. Chomoa mipira, toa pampu nzima kwenye injini kama nafasi inaruhusu; kufanya kazi ya sili huku umejikunja ngamani huleta makosa. Toa kifuniko, uangalie mapanga yamekunjwa kuelekea wapi. Impela itolewe kwa pula yake, au kwa koleo mbili zikivuta pamoja. Bisibisi mbili zinafanya kazi ikiwa utaweka kitambaa chini yake, la sivyo zitaacha makovu kwenye ukingo wa shaba, na makovu hayo yatavuja.

Toa kipande cha kukunjia mapanga na bamba la nyuma. Toa klipu inayoshikilia beringi. Shafti kwa kawaida hutoka upande wa gia au puli, ikisukumwa kutoka upande wa impela. Kama huna mashine ya kukandamiza, ishikilie nyumba kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao, ugonge kwa nyundo ya mbao, na usigonge ncha ya shafti kwa chuma. Nyumba ikipashwa kwa maji ya moto, shaba hutanuka na beringi huachia.

Sasa soma namba. Beringi ina namba ubavuni: 6203, kwa mfano, ni milimita 17 ndani, 40 nje, unene 12. Sili pia huandikwa vipimo vyake vitatu kwa mpangilio huohuo, ndani, nje, unene. Ukiwa na namba hizo huhitaji boksi lenye jina la mtengenezaji. Maduka ya spea ya Kisekka, Kampala, yatakupa beringi ileile. Kwa sili ya maji sisitiza springi ya stenlesi. Sili za kawaida za gari zina springi ya chuma cha kawaida, itaota kutu na kukatika.

Wakati wa kurudisha, upande wenye springi ndio unaotazama kile kinachozuiwa. Sili ya maji inaitazama impela. Sili ya oili inaitazama injini. Migongo yao inatazamana kwenye nafasi tupu. Ukigeuza moja, itavuja siku hiyohiyo. Zisukume kwa soketi inayolingana na ukingo wa nje, zikiingia sawa bila kulala upande, na midomo uipake grisi isiyoyeyuka na maji. Ncha za shafti zenye kona kali zifunike kwa utepe wa plastiki zinapopita kwenye mdomo wa sili. Pampu nyingi zina kipete kidogo cha mpira kwenye shafti katikati ya sili mbili. Kazi yake ni kurusha pembeni maji yanayotambaa juu ya shafti kabla hayajaifikia sili ya oili. Kinaonekana hakina maana na hubaki kwenye karai la kuoshea. Kirudishe.

Impela ipake glisirini au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Grisi ya mafuta ya petroli huuvimbisha mpira wa aina nyingi za impela. Izungushe huku ukiisukuma, upande uleule pampu inakozunguka, ili mapanga yajilaze nyuma ya mwendo. Skrubu za kifuniko ni ndogo na ni za shaba: kaza kwa mkono, kwa kuvuka kutoka upande hadi upande wa pili, kidogo kidogo. Ikikatikia ndani utapoteza nusu siku kuitoa.

Kuijaribu

Fungua koki, injini ikiwa bado imezimwa, uangalie kwa dakika kumi. Kavu? Washa. Maji yaanze kutoka kwenye ekzosti ndani ya nusu dakika hivi; yakichelewa zaidi, zima, usiiache impela ijitafutie. Paka unga tena kwenye shingo ya pampu, upandishe mizunguko, utazame kitundu. Tone moja au mawili mwanzoni yanaweza kuwa maji yaliyobaki humo wakati wa kufunga. Yakiendelea, sili haikukaa.

Kwa pampu ya gia, asubuhi baada ya safari ya kwanza, kabla ya kuwasha, vuta dipstiki. Ukiwa na wasiwasi, legeza kidogo boliti ya kumwagia oili: maji kama yapo yamelala chini usiku kucha, nayo yatatangulia kutoka.

Impela moja ya akiba, gasketi mbili, sili za pande zote mbili na mkanda zikae kwenye mfuko mkavu ndani ya boti. Namba za sili na beringi ziandike kwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha injini, pale zinaposomeka kwa tochi, ili anayepiga simu Kampala akiwa Kalangala ajue aagize nini.